Video ya Wimbo na Kava la Albamu: Kikundi cha Wanafunzi Kichague Njia Ipi?

Kikundi cha wanafunzi kinapokabidhiwa kazi ya kutengeneza video ya wimbo pamoja na kava la kuutangaza, mara nyingi kazi ya kwanza humeza ya pili. Muda wote wa kurekodi na kuhariri huishia kwenye video, kisha usiku wa kuamkia siku ya kuwasilisha mtu mmoja hukata fremu moja, yaani picha moja kati ya zile zinazounda video hiyo, akaandika jina la msanii juu yake, na hilo likaitwa kava. Ulinganisho huu umeandikwa kwa ajili ya vikundi vya Tanzania na Kenya ambavyo bado havijaanza kurekodi, na kwa hiyo bado vina uhuru wa kuamua: wimbo uwe wa nani, video iwe ya aina gani, itumike simu au kamera ya kukodi, na kava liwe la picha, la kuchorwa au la maandishi. Nitaeleza wazi ninaegemea wapi katika kila uamuzi, kwa sababu ulinganisho unaoishia kusema kwamba kila njia ina uzuri wake haumsaidii mtu mwenye wiki chache na fedha kidogo.

Wimbo unaovuma au wimbo wa msanii chipukizi

Wimbo unaovuma una mvuto unaoeleweka. Rekodi yake imeshasafishwa na prodyuza mzoefu, kila mwanakikundi anaujua kwa moyo, na mwalimu hahitaji kuelezwa ni wa mtindo gani. Lakini kikundi kinachouchagua kinajifungia milango mitatu kwa pamoja. Mlango wa kwanza ni wa haki. Katika wimbo mmoja kuna haki za mtunzi wa maneno na muziki, na kuna haki za mwenye rekodi yenyewe, na Tanzania haki hizi zinalindwa na Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, wakati Kenya zinalindwa na Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 2001. Kuionyesha video darasani ni jambo moja, na kuipandisha YouTube ni jambo jingine kabisa, kwa kuwa mfumo wa YouTube wa kutambua rekodi unaweza kuigundua mara moja, na mwenye wimbo akaamua kuizuia video au kuchukua mapato yake. Mlango wa pili ni wa msanii mwenyewe, ambaye hamtampata. Mtu mwingine atalazimika kuigiza sauti isiyo yake, na macho ya mtazamaji hutambua haraka kwamba sauti na kifua havitoki mahali pamoja. Mlango wa tatu ndio unaosahaulika zaidi, nao ni wa kava: hamna uso wa kupiga picha, na kuchukua picha ya msanii kutoka mtandaoni ni kuvunja haki ya mpiga picha wake.

Msanii chipukizi wa mtaani au wa chuoni hutatua yote matatu. Anakuja kurekodiwa, anakaa mbele ya kamera kwa ajili ya kava, na kazi ikikamilika naye ana kitu cha kujitangazia. Udhaifu wake ni rekodi, ambayo pengine ilifanywa katika studio ya chumba kimoja na haijakamilishwa. Hapo kuna sharti moja ambalo halipaswi kulegezwa, yaani kutorekodi picha hata moja kabla ya kupokea toleo la mwisho la wimbo. Prodyuza akiongeza kasi ya biti kidogo tu baada ya video kurekodiwa, midomo yote itaachana na sauti, na hakuna uhariri utakaoziunganisha tena. Pia, kabla ya siku ya kwanza ya kurekodi, kikundi na msanii waandikiane ukurasa mmoja unaoeleza nani anamiliki video, nani anamiliki picha za kava, zitaonyeshwa wapi, na jina la nani litatajwa kwa kazi gani.

Rekodi zinazotolewa na wenyewe kwa leseni huria zipo pia, ila nyingi si za Kiswahili na msanii wake yuko mbali, hivyo ni chaguo la dharura kwa kikundi kilichokosa mwimbaji.

Utumbuizaji, hadithi au dhana

Video za nyimbo kwa jumla hufuata njia tatu. Katika utumbuizaji, msanii anaonekana akiimba au kupiga ala tangu mwanzo hadi mwisho, huku mahali, mavazi na pembe za kamera zikibadilika. Katika hadithi, waigizaji wanaonyesha kisa ambacho wimbo unakisindikiza. Katika dhana, kila kitu hujengwa juu ya wazo moja la kuona, kama vile dansi, rangi moja inayotawala, au kitendo kimoja kinachorudiwa na kubadilika kidogo kidogo.

Utumbuizaji una faida ambayo wanafunzi wengi huidharau: wimbo wenyewe ndio unaoshikilia mwendelezo. Kikundi kikirekodi wimbo mzima mara kadhaa, katika sehemu mbili au tatu, kila mara kwa pembe tofauti, anayehariri atakuwa na picha ya kuweka katika kila sekunde, na hata rekodi mbili zikiharibika hakutakuwa na pengo. Wimbo wa dakika tatu na nusu una sekunde 210. Picha ikibadilishwa kila baada ya sekunde tatu, video inahitaji vipande 70, na ikibadilishwa kila baada ya sekunde mbili, inahitaji 105. Hadithi inalazimika kupanga kila kimoja cha vipande hivyo kabla ya kutoka nyumbani, ilhali utumbuizaji huvizalisha kwa kurudia.

Gharama ya utumbuizaji iko kwenye usahihi. Kwa kasi ya fremu 25 kwa sekunde, midomo ikichelewa kwa fremu tatu hivi mtazamaji huhisi kuna kasoro hata kama hawezi kuitaja. Kwa hiyo wimbo upigwe kwa spika yenye sauti ya kutosha mahali pa kurekodia, kamera iachwe inase sauti hiyo ili baadaye ilinganishwe na rekodi halisi, na mwimbaji aimbe kwa sauti yake kamili badala ya kuchezesha midomo tu, kwa sababu pumzi, shingo na mabega ndivyo vinavyomfanya aonekane anaimba. Wapiga ala nao wana mtihani wao. Vidole vya mpiga gitaa la muziki wa dansi, au vya mpiga udi na kanuni katika taarabu, vinaonekana, na mtazamaji wa Unguja aliyekulia katika taarabu hatasamehe mkono unaokwenda chini wakati sauti inapanda. Kama mpiga ala aliyemo kwenye rekodi hapatikani, ni afadhali kamera ikae usoni mwa mwimbaji.

Utumbuizaji pia unaruhusu mbinu moja ambayo hadithi haiihitaji. Mkitaka msanii aonekane akitembea polepole huku midomo yake ikiendana na wimbo, rekodini kwa fremu 50 kwa sekunde huku wimbo ukipigwa kwa kasi maradufu, naye aimbe kwa kasi hiyo. Picha ikichezwa kwa fremu 25, mwendo unapungua nusu na midomo inarudi kwenye kasi ya wimbo. Kipande kimoja cha namna hiyo kwenye kiitikio cha mwisho hubadilisha hali ya video nzima, na hakigharimu chochote zaidi ya mazoezi ya mwimbaji.

Hadithi inampendeza mwanafunzi kwa sababu inafanana na filamu, na ndiyo njia inayofaa pale mwimbaji anapokuwa na haya mbele ya kamera au maneno ya wimbo yanapokuwa na kisa kamili. Hatari yake katika Kiswahili ni ya pekee, nayo inatokana na mafumbo. Mshairi wetu anaposema ua, anaposema jahazi, anaposema kisima, hazungumzii vitu hivyo, na kikundi kinachoonyesha ua kila linapotajwa ua kimemnyang'anya msikilizaji kazi ya kufumbua. Hadithi nzuri huenda sambamba na maneno bila kuyatafsiri: wimbo unalalamika juu ya ahadi iliyovunjwa, na picha zinamwonyesha mtu akipanga meza kwa watu wawili. Kisha kuna mzigo wa mwendelezo. Mwigizaji aliyerekodiwa Jumamosi akiwa amesuka nywele, kisha akazifumua kabla ya Jumatatu, amevunja hadithi, na vivuli vya saa tatu asubuhi haviungani na vya saa tisa alasiri katika tukio moja. Kikundi kisicho na mtu wa kuandika na kupiga picha ya kila vazi, kila kikombe na kila kiti kisiingie katika njia hii.

Dhana inategemea sana aina ya muziki, na singeli ni mfano mzuri. Muziki huu wa Dar es Salaam huenda kwa mapigo 200 kwa dakika na mara nyingi zaidi ya hapo. Kwa mapigo 200, pigo moja ni sekunde 0.3, yaani fremu saba na nusu, na anayejaribu kubadilisha picha kwa kila pigo atatoa video inayoumiza macho. Singeli huvutia zaidi kamera inapotulia, kipande kikawa kirefu, na kasi ikaachiwa miili ya wachezaji. Kikundi chenye wachezaji waliozoeana kinaweza kupata video bora kuliko zote kwa njia hii, na kisicho nao hakitaipata kwa uhariri.

Nikipima yote, ninaegemea utumbuizaji uwe uti wa mgongo, na uzi mwembamba wa hadithi uingizwe mahali patatu: mwanzoni kabla ya ubeti wa kwanza, katikati pale ala zinapopiga peke yake, na baada ya kiitikio cha mwisho. Matukio matatu ya hadithi yanaweza kurekodiwa katika asubuhi moja, na yakishindikana video bado inasimama.

Simu au kamera ya kukodi

Swali hili huulizwa kana kwamba ni la ubora wa picha, wakati kwa sehemu kubwa ni la muda. Simu ipo kila siku, hivyo kikundi kinaweza kurudia tukio lililoharibika wiki inayofuata. Kamera ya kukodi ina saa zake, na mvua ikinyesha siku hiyo fedha zimekwenda. Kikundi kinachojifunza kinahitaji kurudia kuliko kinavyohitaji lenzi nzuri.

Pamoja na hayo, tofauti za kiufundi zipo na zinapaswa kujulikana. Ya kwanza ni mwanga wa jua. Kanuni ya kawaida ni kwamba kasi ya shata, pazia linalopitisha mwanga kwa kila fremu, iwe maradufu ya idadi ya fremu, kwa maana ya sehemu ya 50 ya sekunde kwa fremu 25, ili mwendo uonekane laini. Tundu la lenzi ya simu nyingi haliwezi kupunguzwa, kwa hiyo kwenye jua la mchana simu huongeza kasi ya shata mara nyingi zaidi ya hapo, na mikono ya mchezaji huonekana ikikatika-katika. Kamera ya kukodi hutatua hili kwa kupunguza tundu na kuvaa kichujio cheusi mbele ya lenzi. Mwenye simu hutatua kwa kukimbilia kivulini au kusubiri jioni. Jioni yetu, hata hivyo, ni fupi. Karibu na ikweta jua hushuka takriban nyuzi 15 kwa saa, likiwa karibu wima, hivyo ule mwanga wa dhahabu unaosifiwa katika mafunzo ya nchi za kaskazini kwetu hudumu chini ya nusu saa kabla ya magharibi. Panga kipande kimoja tu cha wakati huo, kifanyiwe mazoezi mapema, na kamera iwe imeshasimama.

Tofauti ya pili ni ngozi. Simu iliyoachwa ijiamulie mwangaza hupima picha nzima, na mwimbaji mweusi akisimama mbele ya ukuta mweupe wa Mji Mkongwe au mchanga wa Bagamoyo, simu huona weupe mwingi, ikapunguza mwangaza, na uso ukapotea gizani. Kamera ina vipimo vya kuzuia kosa hili, lakini mwenye simu naye ana dawa: aguse uso kwenye kioo, afunge mwangaza usibadilike, na msaidizi ashike karatasi ngumu nyeupe upande wa pili ili irudishe mwanga usoni. Ni bora ukuta uungue kidogo, yaani uwe mweupe kupita kiasi, kuliko kupoteza uso wa mtu ambaye video inamhusu.

Ya tatu ni taa za ndani. Umeme wetu ni wa hezi 50, na taa nyingi humemeta mara 100 kwa sekunde bila macho kuona. Simu iliyowekwa kwenye fremu 30 na kasi ya shata isiyodhibitiwa inaweza kunasa mistari inayotambaa ukutani. Programu za kurekodia zinazompa mtumiaji udhibiti, kama Blackmagic Camera ambayo hutolewa bure, huruhusu kuchagua fremu 25 na shata ya sehemu ya 50 au ya 100, na mistari hiyo huondoka. Programu za aina hiyo husaidia pia kutuliza tatizo jingine la simu, la kubadilisha idadi ya fremu yenyewe wakati wa kurekodi, ambalo huwafanya wanaohariri washangae kwa nini midomo iliyokuwa sawa mwanzoni imeachana na sauti kufikia dakika ya tatu.

Kamera ya kukodi inashinda bila ubishi katika mambo mawili: usiku, na pale kikundi kinapotaka sura iwe kali huku nyuma kukiwa na ukungu laini. Lenzi ya milimita 50 yenye tundu kubwa hufanya hivyo kwa macho ya kweli, ilhali simu hukadiria kwa programu na mara kwa mara hukosea kwenye nywele na vidole. Hadithi ya usiku, basi, inastahili kukodiwa kamera. Utumbuizaji wa mchana haustahili, na fedha hizo zinafaa zaidi kulipia nauli, chakula cha wachezaji na spika nzuri. Nafasi kwenye simu ihesabiwe mapema pia, kwa kuwa dakika moja ya 4K, yaani video ya ukali wa juu, kwa fremu 30 inaweza kuchukua kati ya megabaiti 170 na 350 kutegemea jinsi simu inavyobana faili.

Hata hivyo ningeshauri kurekodi kwa 4K pale simu inapoweza, kwa sababu ya matangazo. Video kuu ni ya mlalo kwa ajili ya YouTube na televisheni, lakini vipande vya kuitangaza kwenye TikTok na Instagram ni vya wima. Ukikata umbo la wima kutoka fremu ya 4K, yaani pikseli (nukta zinazounda picha) 3840 kwa 2160, unabakiwa na pikseli 1215 kwa 2160, ambazo zinatosha kabisa. Ukikata kutoka fremu ya 1920 kwa 1080, unabakiwa na upana wa pikseli 607 tu, na picha hufifia.

Kwa uhariri, toleo la bure la DaVinci Resolve linamtosha mwanafunzi kwa kila kitu ikiwamo kusawazisha rangi, ila linataka kompyuta yenye nguvu. Kwenye kompyuta dhaifu, Kdenlive ni nyepesi zaidi na nayo ni ya bure.

Kava: fremu ya video, picha maalumu, mchoro au maandishi

Hapa ndipo ulinganisho unapokuwa mkali, kwa sababu moja ya njia nne hizi haifai kabisa, nayo ndiyo inayotumiwa zaidi.

Huduma za kusambaza muziki mtandaoni kwa kawaida hutaka kava la mraba, na ukubwa uliozoeleka ni pikseli 3000 kwa 3000. Fremu ya video ya 1920 kwa 1080 hutoa mraba wa pikseli 1080 kwa 1080. Hata fremu ya 4K hutoa mraba wa 2160 tu. Kuukuza mraba huo hadi 3000 ni kutawanya kilichopo, wala hakuongezi chochote. Juu ya hilo, video iliyorekodiwa kwa shata ya sehemu ya 50 ya sekunde ina ukungu wa mwendo katika karibu kila fremu, na ukungu huo ambao unapendeza picha inapotembea huonekana kama kosa picha inapotulia. Muundo wenyewe pia unapingana, maana fremu ya mlalo humweka mtu upande mmoja na kuacha nafasi upande wa pili, na ukiikata kuwa mraba unapoteza nafasi hiyo iliyokuwa na maana. Kwa sababu hizi fremu ya video ibaki kuwa picha ya utangulizi ya YouTube, ambayo inahitaji pikseli 1280 kwa 720 tu.

Picha maalumu, iliyopigwa kwa ajili ya kava, ndiyo njia ninayoipendekeza kwa kikundi kisicho na mchoraji. Simu yenye kamera ya megapikseli 12 hutoa picha ya pikseli 4032 kwa 3024, na mraba unaopatikana humo ni 3024 kwa 3024, yaani unatosha kwa unywele. Maana yake ni kwamba hakuna nafasi ya kukata zaidi baadaye. Mpiga picha atunge mraba palepale, akiacha sehemu tulivu ya kuandikia jina. Kamera ya megapikseli 24 hutoa mraba wa 4000 na kumpa mbunifu nafasi ya kupumua. Jambo la maana zaidi ni ratiba. Picha za kava zipigwe siku ileile ya kurekodi, msanii akiwa na mavazi yaleyale, lakini zipewe saa yao maalumu, spika ikiwa imezimwa na wachezaji wakiwa wamepumzika. Ziwekwe mwanzoni mwa siku. Zikiachwa mwishoni, msanii amechoka, jasho limeharibu vipodozi, na jua limezama.

Mchoro una nguvu ambayo picha haina, kwa kuwa unaweza kuonyesha kisichoweza kurekodiwa. Sanaa ya tingatinga, iliyoanzishwa na Edward Saidi Tingatinga jijini Dar es Salaam mwaka 1968, inafaa hasa, kwa sababu ilizaliwa kwenye vibao vya mraba na kwa rangi za mafuta zenye ukali. Kazi za mwanzo za Tingatinga mara nyingi zilikuwa na mnyama mmoja mkubwa juu ya rangi moja, na muundo huo ndio unaofaa kava la leo kuliko picha zilizojaa wanyama na nukta nyingi zilizokuja kupendwa baadaye. Sababu ni ukubwa. Alex Steinweiss alipoanza kubuni makava yenye michoro kwa ajili ya sahani za Columbia nchini Marekani, mwishoni mwa miaka ya 1930, alikuwa na nafasi pana ya kuchezea, na sahani za baadaye za inchi 12 zilikuwa na kava la zaidi ya sentimita 30 kila upande. Kava la CD lilishuka hadi sentimita 12. Kwenye orodha ya nyimbo katika simu, kava linaweza kuwa na upana wa sentimita moja. Mchoro wa kupendeza ukutani unaweza kuwa doa lisilosomeka hapo. Wanafunzi wa Nairobi waliozoea sanaa ya matatu wana changamoto hiyohiyo, kwa vile michoro ile imebuniwa kwa ubavu wa basi na haikubali kubanwa bila kupunguzwa vitu. Mchoro mtauagiza kwa mchoraji aliye hai, mkimlipa au kukubaliana naye kwa maandishi, wala msinakili kazi iliyotundikwa dukani.

Njia ya maandishi pekee hupuuzwa, nami ninaiona kuwa na hazina kubwa katika utamaduni wetu. Kanga ina pindo linaloizunguka, mji ulio katikati, na jina lililoandikwa kwa maneno machache. Wabunifu wa kanga walishatatua miaka mingi iliyopita swali linalomsumbua mwanafunzi wa kava: namna ya kuweka maneno machache, rangi mbili au tatu na umbo moja la katikati ili yote yaonekane kwa mtu anayepita upande wa pili wa barabara. Kava la mraba lenye pindo zito, umbo moja katikati na jina la wimbo kwa herufi kubwa chini husomeka hata likiwa dogo. Linamfaa sana msanii wa taarabu au wa muziki wa taratibu, na halihitaji kamera wala mchoraji, ila linahitaji mtu mwenye jicho la herufi. Programu za bure za Inkscape na GIMP zinatosha kulitengeneza. Sharti lake ni kwamba video nayo ichukue rangi hizohizo, katika mavazi au katika ukuta, vinginevyo kava na video vitaonekana ni vya wasanii wawili.

Wapo wanafunzi wanaofikiria njia ya tano, ya kuagiza picha kwa programu ya akili mnemba. Kwa kazi ya kupimwa chuoni siipendekezi. Mwalimu anapima uamuzi wa kikundi katika mwanga, muundo na herufi, na picha iliyotoka kwenye programu haina uamuzi huo wa kupimwa. Isitoshe, uso wa mtu asiyekuwepo ukiwekwa mbele ya wimbo wa mtu aliyepo unamfuta msanii kwenye kazi yake mwenyewe.

Kwa njia yoyote itakayochaguliwa, kava lipunguzwe hadi upana wa pikseli 100 kwenye kompyuta na kuonyeshwa kwa mtu asiyeujua wimbo. Kama hawezi kusoma jina la msanii au kusema anaona nini, kuna vitu vingi mno. Namba ya simu, anwani ya mtandaoni na bei visiwemo kamwe, kwa sababu huduma za usambazaji hukataa makava ya namna hiyo, na jina lililoandikwa kwenye kava lazima lifanane herufi kwa herufi na jina lililojazwa kwenye fomu ya wimbo.

Kuchapa au kubaki mtandaoni

Baadhi ya walimu hudai jalada kamili la CD. Vipimo vyake ni vya kudumu: ukurasa wa mbele ni milimita 120 kwa 120, na karatasi ya nyuma ni milimita 151 kwa 118 pamoja na migongo miwili inayokunjwa pembeni. Ongezeni milimita tatu kila upande kwa ajili ya kukatwa, na faili iwe ya nukta 300 kwa inchi. Kama uchaguzi umeachwa kwa kikundi, ningechukua bango la A3 badala ya jalada la CD, kwa kuwa bango linaweza kubandikwa ukumbini siku ya maonyesho na kufanya kazi ya kutangaza kwa kweli. Kwa nukta 300, A3 inahitaji pikseli 3508 kwa 4961, hivyo picha ya simu ya megapikseli 12 haitoshi kuijaza yote kwa ukali kamili. Picha hiyo ikae katika mraba wa juu, maneno yachukue nafasi iliyobaki.

Rangi ndiyo huwakata tamaa wengi wanapopokea karatasi kutoka kwa mchapaji. Kioo cha simu hutoa mwanga, karatasi hurudisha mwanga uliopo, na mashine ya rangi nne za uchapaji (CMYK) haiwezi kutoa bluu ya bahari ya Unguja saa sita mchana wala kijani kinachong'aa cha taa za ukumbini. Nyekundu iliyokolea, njano ya embe, nyeusi na kahawia hupita salama. Kikundi kinachojua mapema kwamba kava lake litachapwa kichague mavazi ya msanii kwa kukumbuka hilo, kigeuze faili kuwa ya rangi nne kabla ya kuipeleka, na kimwombe mchapaji nakala moja ya majaribio kwenye karatasi ileile itakayotumika, iangaliwe nje kwenye mwanga wa mchana, kabla ya kulipia nakala nyingine zote.